Miaka 26 tangu bomu la Nairobi, bado naogopa dirisha. Nimeandikiwa setralini na sijaimeza

FundiNguo_Ngong
Julai 9, 2024, saa 4:50 usiku

Hamjambo wote. Nimesoma humu kimya kimya kwa wiki mbili, leo nimepata nguvu ya kuandika. Mniwie radhi nikirefusha.

Mimi ni mama wa miaka 51. Nina duka dogo la cherehani hapa Ngong, nashona sare za shule. Nina mume na vijana wawili. Mwaka 1998 nilikuwa karani wa taipu mjini, ghorofa ya tano, jengo lililokuwa karibu na ubalozi wa Marekani, pale Haile Selassie inapokutana na Moi Avenue. Waliokuwepo wanajua kwamba kishindo hakikuwa kimoja. Ijumaa ile, Agosti 7, mwendo wa saa nne na nusu asubuhi, kwanza kulisikika mlipuko mdogo na milio kama ya risasi. Watu wakaacha kazi, wakakimbilia madirishani kutazama. Msichana niliyekaa naye dawati kwa dawati, tuliyechangiana chai na mandazi kila siku, akaniita: "Njoo uone!" Nikamwambia nakuja. Papo hapo simu ya mezani ikalia. Nikainama kuichukua.

Sikumaliza kusema halo.

Yaliyofuata sitayaeleza yote. Nitataja vioo tu, maana vioo ndivyo vilivyoua na kupofusha watu wengi siku ile, wale waliokuwa wamesimama kutazama. Rafiki yangu alikuwa mmoja wa wale 213 waliokufa hapa Nairobi. Mimi nilitoka na mishono mgongoni na sikio la kushoto ambalo hadi leo linavuma. Watu walikuja nyumbani kwa mama yangu wakaniambia Mungu amenipenda sana. Kila aliponiambia mtu hivyo nilijiuliza, na yeye je, hakupendwa?

Sasa niwaambie ninavyoishi. Chumbani kwangu kabati limesimama mbele ya dirisha tangu tulipohamia nyumba hii mwaka 2004. Mume wangu alilisogeza mara moja tukiwa tunapaka rangi, nikalala jikoni hadi likarudishwa. Kwenye matatu sikai kiti cha dirishani, hata kama ndicho kilichobaki. Nasubiri gari jingine. Kanisani nakaa mwisho, mgongo ukutani. Jirani yangu anauza makaa, na kila gunia likidondoshwa kutoka kwenye lori mikono yangu inakufa ganzi na natoka jasho kama niliyemwagiwa maji. Simu yangu haina mlio. Wateja wanalalamika kwamba sipokei, hawajui kwamba simu ikilia namsikia yule msichana akiniita. Vijana wangu wamelelewa wakifunga milango polepole kama wezi katika nyumba yao wenyewe.

Baada ya bomu kulikuwa na ushauri nasaha wa bure kwa manusura. Nilienda mara nne. Tulikaa kwa duara, kila mtu akasimulia yake, nikawa natoka nimebeba ya kwangu na ya wengine kumi. Nikaacha. Mwaka 1999 daktari mmoja akanipa diazepamu za kulalia, za wiki mbili. Zilipokwisha nikapata mwenye duka la dawa aliyeniuzia bila karatasi. Nilikuwa nameza mara mojamoja, lakini baada ya shambulio la Westgate mwaka 2013 ikawa kila usiku, vidonge viwili vya miligramu 5. Nimeficha kwenye kopo la vifungo kwa miaka kumi na moja.

Juni 25 mwaka huu nilikwenda Biashara Street kununua kitambaa cha sare. Nilijua kuna maandamano, nikadhani nitawahi kutoka. Mikebe ya vitoza machozi ilipoanza kulipuka nilijikuta chini ya kaunta ya duka la Mhindi mmoja, nimekumbatia jora la kitambaa. Yule mzee alifunga mlango, akanipa maji, hakuniuliza kitu. Nilikaa pale kama saa nne. Nilijikojolea. Kijana wangu mdogo, wa miaka 22, ndiye aliyekuja kunichukua, macho mekundu kwa gesi. Alikuwa mjini muda wote huo, kwenye maandamano, na hakuwa ameniambia. Tangu siku hiyo silali hata kwa vidonge vitatu. Akitoka tu mlangoni naanza kumhesabia dakika.

Yeye ndiye aliyelifungua lile kopo la vifungo, na ndiye aliyenipeleka hospitali. Daktari wa akili, dada mdogo tu, alinisikiliza karibu saa nzima, kisha akaandika PTSD, yaani ugonjwa wa kiwewe, kwenye kadi. Akasema ni ugonjwa, una jina na una tiba, na kwamba kiwewe hakiishi kwa sababu tu miaka imepita. Ameniandikia setralini ya miligramu 50, nianze na nusu. Diazepamu tutaipunguza baadaye, taratibu. Natumia pia dawa ya presha, amlodipini.

Vidonge viko mezani tangu Ijumaa. Nimesoma ile karatasi ya ndani na nimeogopa. Inasema mtu anaweza kuzidi kuwa na hofu mwanzoni. Nikizidi hapa nilipo sijui nitakuwa nani. Nani amewahi kuitumia? Na niulize jambo ambalo sikumuuliza daktari: baada ya miaka 26, mtu hupona kweli, au nimechelewa?

---

BarakaTele
Julai 9, 2024, saa 5:35 usiku

Pole sana mama. Hizo dawa za akili zina minyororo, ukianza huachi. Shangazi yangu walimmaliza nazo. Tupa zote, hata hizo za kulalia, usiku huu huu. Funga siku tatu na uombe. Hofu ni roho, haitolewi kwa kidonge. Nakuombea.

---

Mfamasia_Likoni
Julai 10, 2024, saa 12:20 asubuhi

Dada yangu wa Ngong, kabla ya lolote: usiache diazepamu ghafla. Ndugu Baraka, najua umeandika kwa moyo mwema, na mimi pia nasali tano, lakini shauri hili linaweza kumuua mtu. Aliyemeza miligramu 10 kila usiku kwa miaka kumi na moja, akaziacha kwa siku moja, anaweza kupata degedege. Nimeliona hilo kwa macho yangu. Dada, endelea na kiasi kilekile alichojua daktari wako, sio vitatu, hadi yeye aanze kukupunguzia.

Mimi ni mfamasia, Mombasa, mwaka wa kumi na sita sasa. Wanaokuja dirishani kwangu kuomba diazepamu bila karatasi ni wengi, na karibu kila mmoja nyuma yake pana kisa. Huyu alivamiwa na majambazi, yule alizika watoto wawili kwa ajali moja. Siwauzii, lakini nimejifunza kutowafukuza. Nawaketisha.

Diazepamu inazima mwili kwa saa kadhaa, na kesho yake hofu iko palepale, tena mwili umeizoea dawa na unadai zaidi. Ndiyo maana ulifika vitatu na hukulala. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2013 kuhusu watu waliopatwa na kiwewe, na likashauri wasipewe dawa za kundi hilo kwa dalili za kiwewe au kukosa usingizi katika mwezi wa kwanza baada ya tukio. Kwa hiyo daktari wako hakukosea kukubadilishia.

Setralini ni kitu kingine kabisa. Hailevyi, na si dawa ya kulalia. Inafanya kazi kwenye kemikali moja ya ubongo iitwayo serotonini, na inajenga polepole. Utaimeza wiki ya kwanza, ya pili, na utaona hakuna faida, ila tumbo kuvurugika, kichefuchefu, kichwa, kinywa kukauka, pengine usingizi kuruka. Na ndiyo, wasiwasi unaweza kupanda kidogo siku hizo za mwanzo. Sitakuficha. Ndiyo maana akasema nusu kidonge. Wengi huacha hapohapo, wiki moja kabla ya kuanza kuona nafuu. Jipe wiki nne hadi sita ndipo uihukumu. Imeze asubuhi baada ya chai, ukiwa umekula.

Amlodipini haina ugomvi nayo. Ugomvi uko kwa tramadoli, ile dawa kali ya maumivu, hiyo usiiguse. Diklofenaki na ibuprofeni nazo, ambazo mafundi wa cherehani mnazipenda kwa ajili ya migongo, zikichanganywa na setralini huongeza hatari ya kutoka damu tumboni. Ukiumwa mgongo meza panadol, na umwambie daktari. Na hata ukipata nafuu usiikate mwenyewe. Inapunguzwa kwa mpango kama ilivyoongezwa.

Jambo moja zaidi nalisema kwa kila mtu, usidhani nimekuona vibaya. Ukifikiwa na mawazo ya kujidhuru, usingoje siku ya kliniki. Piga 1199, ile ya Msalaba Mwekundu, ni bure, au mwamshe kijana wako akupeleke hospitali usiku huohuo.

---

Kijana_wa_Kizuiani
Julai 10, 2024, saa 7:15 mchana

Shikamoo mama. Naandika kutoka Dar. Nimesoma habari ya gunia la makaa nikaweka simu chini kwanza.

Mimi nilikuwa na miaka 15 siku mabomu ya ghala la jeshi yalipolipuka Mbagala, Aprili 29, 2009. Tulikimbia kwa miguu, nimembeba mdogo wangu mgongoni, hatujui tunakwenda wapi, vyuma vinapita juu kama ndege. Mama tulimpata usiku, Temeke. Hakuna aliyekufa kwetu, kwa hiyo nilijiambia sina haki ya kuumwa. Halafu Februari 2011 yakalipuka ya Gongo la Mboto, usiku. Tulikuwa mbali lakini tulisikia. Hapo ndipo nilipoharibika. Radi ikipiga naingia uvunguni. Fataki za mwaka mpya, nilikuwa nasafiri kila Desemba 31 kwenda kijijini kwa babu, Rufiji, kuzikwepa. Mpaka nikiwa na miaka 26, nina mchumba, nina kazi.

Mimi nilipewa fluoksetini, ni ndugu yake hiyo yako. Nilitumia miezi kumi na minne. Wiki ya pili ilikuwa mbaya, nasaga meno usiku, natetemeka mikono. Dada yangu alinishikia simu akaniambia "siku moja tu, kesho tutaamua." Tukaamua hivyo kila siku. Wiki ya tano au ya sita, konda aligonga bodi ya daladala, paa! Nikashuka kituoni kwangu, nikanunua nyanya, nikafika nyumbani, ndipo nikakumbuka kwamba sikushtuka. Nilikaa kitandani nikalia.

Mama, nisamehe kwa hili, lakini hakuna aliyeniambia mimi: mambo ya chumbani yanaweza kupungua kwa dawa hizi. Nilidhani nimelogwa. Daktari akapunguza kiasi kidogo, ikatulia. Nasema ili mzee wa nyumbani asije kufikiri vingine.

Lakini dawa peke yake haikunitosha. Ilinituliza nikaweza kukaa kwenye kiti na kuongea. Mwanasaikolojia hakunikalisha kwa duara kama walivyokukalisha wewe. Tulikuwa wawili. Alinifanya nisimulie siku ile moja toka nilipoamka mpaka nilipomwona mama, kwa wakati uliopo, "natoka darasani, naona moshi", tena na tena, wiki baada ya wiki. Mara ya kwanza nilitapika. Mara ya tisa nikamwambia, daktari, hii hadithi sasa nimeichoka. Akacheka, akasema hapo ndipo tulipokuwa tunaenda.

Kuchelewa? Sijui hesabu ya miaka 26. Ninachojua, pale kliniki nilikuwa nangoja foleni na mzee aliyepigana vita vya Kagera. Alikuwa ameanza tiba mwaka ule.

---

FundiNguo_Ngong
Julai 12, 2024, saa 3:05 asubuhi

Marahaba mwanangu. Asanteni. Nimemeza nusu leo, baada ya uji. Kijana wangu alikuwa amesimama pembeni na glasi ya maji kama ananisubiri nianguke. Baraka, asante kwa maombi, yaendelee. Nitarudi.

---

Msikilizaji
Agosti 5, 2024, saa 2:40 usiku

Mama wa Ngong, naandika kwa kuisemesha simu, kwa hiyo ukiona neno limekosewa univumilie.

Mimi ni mmoja wa waliokwenda dirishani.

Nilikuwa mhasibu, miaka 29, jengo jingine, si lenu. Nilisikia ule mlipuko mdogo nikainuka. Nakumbuka nilishika pazia kwa mkono wa kulia. Hicho ndicho kitu cha mwisho nilichokiona duniani, pazia la kijani la ofisi, lenye doa la wino. Macho yote mawili yalikwenda. Nilijifunza fimbo nyeupe na Breli Machakos, nikarudi kazini baada ya miaka mitatu, kupokea simu. Leo nina wajukuu.

Nimesomewa habari yako mara mbili na simu hii. Ninataka kujibu sehemu ambayo hukuiuliza. Unaishi kama mtu aliyemwacha mwenzake aende peke yake. Ofisini kwangu tulikwenda watu sita, wengine wakabaki. Mmoja alibaki kwa sababu alikuwa anatafuta kiatu chini ya meza. Kwa miaka mingi alikuwa hanitembelei. Nikasikia anakunywa pombe sana. Mwaka 2007 nilipanda basi nikaenda kwake Murang'a, nikamwuliza, nimekukosea nini hata hunijii? Akalia kama mtoto. Alidhani ninapomsikia sauti nawaza kile kiatu.

Sikuwahi kukiwaza. Nimewahi kuwakasirikia waliotega bomu, nimeikasirikia serikali, fidia, na hata Mungu, kwa miaka kadhaa. Aliyebaki kwenye kiti sijawahi kumkasirikia hata dakika moja. Nilifurahi kwamba ofisi yetu ilikuwa na mtu wa kutoka mzima akapige simu nyumbani kwetu.

Siwezi kumsemea rafiki yako. Najisemea mimi. Lakini nilikuwa pale alipokuwa yeye, na nilikuwa naita watu pia. Niliita, "njooni muone." Kama wangekuja wote ningekuwa nabeba nini leo?

Keshokutwa nitakuwa pale bustani ya ukumbusho asubuhi. Sikuiti. Nakuambia tu kwamba nitakuwepo.

---

FundiNguo_Ngong
Septemba 14, 2024, saa 10:30 jioni

Nimerudi. Nilichelewa kwa sababu nilitaka kwanza niwe na kitu cha kuwaambia.

Wiki mbili za mwanzo zilikuwa kama mlivyosema, na usiku wa tano nilitaka kuvimwaga vyote chooni. Mfamasia, nilisoma maneno yako saa nane usiku, nikalala sakafuni karibu na mume wangu nikangoja kukuche. Baada ya wiki moja nilipanda kidonge kizima, na tangu katikati ya Agosti niko kwenye miligramu 100. Tumbo limetulia. Jasho la usiku lipo bado. Hamu ya chakula ilipotea kisha ikarudi, nguo hazinipwayi tena.

Diazepamu tunapunguza robo kidonge kila wiki mbili. Kutoka viwili sasa nameza kimoja na robo. Kijana wangu ananikatia kwa wembe na kuandika kwenye kalenda ya ukutani. Kopo la vifungo lina vifungo tu. Kila tukishusha napata siku tatu nne za mwili kuwasha na ndoto mbaya, kisha inapita. Daktari anasema hakuna haraka, ikifika Desemba au ikapita hakuna kitu.

Agosti 7 nilikwenda. Sikulala usiku ule kabisa. Nilikwenda na kijana wangu, tukashuka mapema kabla umati haujajaa. Majina yako ukutani. Nilikuwa sijawahi kuliona la kwake kwa miaka yote hiyo, nilikuwa napita njia ya mbali. Kijana alilitafuta kwa kidole, akalisoma kwa sauti, akaniuliza, "Alikuwa mtu wa namna gani?" Hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo. Wote huuliza alikufaje. Nikamwambia alikuwa anatia sukari nyingi kwenye chai hadi kijiko kinasimama, na alikuwa anajifunza kuendesha gari kwa siri ili amshangaze baba yake. Tulikaa kwenye benchi nikasimulia zaidi ya saa moja.

Msikilizaji, nilikuona. Niliona mzee mwenye fimbo nyeupe, amevaa koti la kahawia, na msichana mdogo amemshika mkono. Sikuweza kuja. Miguu ilikataa, tena kesho yake ilikuwa siku ya maandamano ya Nane Nane, polisi walishaanza kujaa mjini, kijana akasema twende. Lakini maneno yako nimeyachapa kwenye karatasi, yako ndani ya Biblia. Mwakani, ukiwepo, nitakuja nikushike mkono na nitakuambia mimi ni nani.

Nimepata mwanasaikolojia. Tuko wawili tu, hakuna duara. Tumesimulia ile asubuhi mara tano. Amenipa kazi ya nyumbani: kukaa karibu na dirisha la duka, dakika tano, kuhesabu matatu zinazopita kwenda Karen, bila kukimbia hata moyo ukipiga. Siku ya kwanza nilifika tatu. Jana nilifika kumi na saba, na nilikuwa nashonea kola huku nahesabu. Lori la makaa lilipokuja niliruka kama kawaida, lakini nilirudi kukaa.

Kabati tumelisogeza kama futi mbili. Mwanga unaingia upande mmoja, na usiku mume wangu ananiuliza kama tulirudishe. Namwambia tuliache kwanza.

Simu bado haina mlio. Hiyo sijafika.

Mfamasia, swali: daktari wa presha ananiambia kipimo cha damu kitazame chumvi ya mwili kwa sababu ya hii setralini. Ni kawaida hiyo, au kuna jambo hanielezi? Kliniki ni Jumatano, ningependa kujua kabla.

---

Mfamasia_Likoni
Septemba 14, 2024, saa 11:15 jioni

Ni kawaida, dada, hakuna alichokuficha. Dawa za kundi hili zinaweza kushusha sodiamu, ndiyo hiyo chumvi, kwenye damu, na zaidi kwa wazee na wanaotumia baadhi ya dawa nyingine. Kipimo ni cha damu kidogo tu. Kabla ya Jumatano ukiona umechanganyikiwa, kichwa kinauma bila kuisha, au unatapika, nenda siku hiyohiyo, usingoje. Kama huna hayo, kunywa chai yako, uhesabu matatu zako. Jumatano ukitoka tuandikie majibu.